Nyonga inayouma na mtu wa yoga: tiba ipi itangulie?

Jumapili jioni.

Nyonga ikianza kuuma, mtu wa yoga ana dawa moja tayari kichwani: kunyoosha. Anakaa muda mrefu zaidi kwenye pozi la njiwa (mguu mmoja umekunjwa mbele, mwingine umenyooka nyuma), anayakandamiza magoti chini kwenye kipepeo (kukaa nyayo zikiwa zimekutana), anaongeza darasa la pili kwa wiki. Kwa mtu anayeshinda kwenye kiti cha ofisi na misuli yake imekaza tu, huenda akapata nafuu. Ila nyonga yenye maumivu yanayorudi kila mara ni habari nyingine. Matatizo mengi ya nyonga yanayotuandama mkekani huchochewa na kunyoosha kwenyewe, na ndiyo maana nataka niandike jambo hili kwa utulivu, hatua kwa hatua, kwa ajili ya yeyote anayejiuliza aanzie wapi.

Aanzie mahali panapouma. Neno "nyonga" tunalitumia kwa eneo kubwa mno, kuanzia kiunoni hadi juu ya paja, na tiba ya sehemu moja inaweza kuiumiza nyingine. Mwambie mtu aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe.

Akigusa kinena, au akishika ubavu wa nyonga kwa kiganja, vidole mbele na dole gumba nyuma, mkono ukafanya umbo la herufi C, shuku kiungo chenyewe: mifupa, gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kiungoni), au labramu, yaani ule ukingo laini unaozunguka kikombe cha nyonga. Akigusa kile kinundu cha mfupa pembeni ya paja, shuku kano za misuli ya makalio. Akikaa akasema panauma pale pale anapokalia, chini ya kalio, hizo ni kano za misuli ya nyuma ya paja. Akionyesha juu ya kalio karibu na kiuno, mara nyingi chanzo ni mgongo au kiungo kinachounganisha mgongo na fupanyonga, na tiba ya nyonga haitamfaa sana.

Yapo majaribio matatu ambayo mtu anaweza kuyafanya nyumbani. Lala chali, vuta goti kifuani, lielekeze kwenye bega la upande wa pili, kisha sukuma unyayo nje. Kama kinena hakibanwi hata kidogo, kuna uwezekano mdogo kwamba tatizo liko ndani ya kiungo. Kikibanwa, bado hujathibitisha kitu, kwa kuwa hata nyonga nyingi nzima hulalamika hapo. La pili, simama kwa mguu unaouma kwa sekunde 30, kidole kimoja kikigusa ukuta ili usiyumbe. Maumivu yakijitokeza pembeni, kwenye kile kinundu, kano za makalio ndizo zenye shida. La tatu, kaa kwenye kiti, magoti pamoja, peleka nyayo nje pande zote mbili. Mguu unaokwenda kidogo sana kuliko mwenzake, chini ya nyuzi 15 hivi, huku kinena kikiuma na mtu amevuka miaka 50, unaelekeza kwenye kulika kwa gegedu.

Kuna wasiotakiwa kujaribu lolote nyumbani. Homa pamoja na nyonga inayouma, kushindwa kukanyagia mguu, maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umetulia, kupungua uzito bila sababu, au historia ya saratani: hapo ni hospitali, leo hii. Kwetu Afrika Mashariki naongeza mambo mawili ambayo maandishi mengi ya yoga kutoka nje hayayataji. Mwenye selimundu akianza kuumwa kinena apigwe picha mapema, maana damu inaweza kuwa imeacha kufika kwenye kichwa cha fupa la paja na mfupa ukaanza kufa kabla eksirei haijaonyesha kitu. MRI, yaani picha ya mashine ya sumaku, huona mapema zaidi. Hatari hiyo hiyo inamhusu aliyetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu na mnywaji mkubwa wa pombe. Na kifua kikuu huingia hata kwenye nyonga, taratibu, bila kikohozi.

Sasa kiungo chenyewe, kwa sababu ndiko watu wa yoga wanakopotea zaidi. Baadhi yetu tumezaliwa au tumekua na mifupa isiyopishana vizuri: shingo ya fupa la paja ina uvimbe wa mfupa, au ukingo wa kikombe umezidi mbele. Goti likipanda juu na kuingia ndani, mfupa unagonga mfupa na labramu inabanwa katikati. Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, ndio walioieleza hali hii kwa kina mwaka 2003, na tangu hapo upasuaji wake umeenea duniani. Mkekani inajitokeza kwenye kuchuchumaa chini kabisa, pozi la tai (kusimama paja moja likiwa limevukishwa juu ya jingine), mizunguko ya kukaa goti likiwa kifuani, na pozi la mtoto (kupiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse chini) magoti yakiwa pamoja. Unapohisi kitu kigumu kinakuzuia kwa mbele, pale kinenani, hicho ni mfupa. Hakuna dakika wala pumzi zitakazourefusha. Mnyooko wa msuli unasikika upande wa pili wa mwendo, nyuma unapoinama mbele, na tofauti hiyo ni muhimu kujifunza kuliko pozi lolote.

Mwaka 2016 wataalamu walikubaliana, katika makubaliano ya Warwick, kwamba ugonjwa huu utambuliwe pale tu mambo matatu yanapokutana: dalili, uchunguzi wa mikono ya daktari, na picha. Picha peke yake haitoshi. Naliweka hili wazi kwa sababu watu wengi hutoka MRI na karatasi iliyoandikwa kwamba labramu imechanika, wakaanza kuomboleza yoga yao. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2012 uliwapiga MRI watu 45 wasio na maumivu yoyote ya nyonga, na 69% kati yao walikuwa na labramu iliyochanika. Walikuwa wanaendelea na maisha yao.

Kuhusu upasuaji wa tundu dogo kwa kamera, jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 2018 liliwagawa wagonjwa 348 wa hospitali 23 katika makundi mawili, upasuaji na fiziotherapia ya mtu mmoja mmoja. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu. Waliopasuliwa walizidi kwa pointi 6.8 kwenye kipimo cha 100. Mimi nazisoma takwimu hizo hivi: upasuaji unasaidia, na fiziotherapia ya kweli inasaidia, kwa hiyo anza na ile isiyohitaji kisu. Fiziotherapia ya jaribio lile ilikuwa ya kukutana na mtaalamu mara 6 hadi 10 katika wiki 12 hadi 24, mazoezi yakipandishwa uzito kila hatua. Kukandwa mara mbili na kupewa karatasi ya kunyoosha hakuhesabiki, na mtu aliyepata hivyo tu asiseme fiziotherapia imeshindwa.

Mazoezi yenyewe hayavutii kuyatazama. Kuinua kiuno ukiwa umelala chali, kwanza kwa miguu miwili, baadaye mmoja. Kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, kisigino kikiwa nyuma kidogo ya mwili ili msuli wa kalio ufanye kazi badala ya ule wa mbele ya paja. Kukaa na kuinuka kwenye kiti bila mikono. Kupanda ngazi moja ya sentimita 15 hadi 20, kushuka polepole kwa kuhesabu tatu. Seti 3 za marudio 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, siku ya kupumzika ikiwa katikati. Kanuni ya maumivu: kwenye kipimo cha 0 hadi 10, mpaka 4 vumilia, mradi yamerudi kawaida ndani ya saa 24. Asubuhi inayofuata ndiyo inayokuambia kama jana ulizidisha.

Yoga haiachwi, inarekebishwa. Magoti yapanuke zaidi ya upana wa nyonga kwenye pozi la mtoto. Kalia tofali la yoga au blanketi lililokunjwa, sentimita 8 hadi 15, ili nyonga ziwe juu ya magoti. Kwenye padmasana, ile ya kukaa kila unyayo ukiwa juu ya paja la pili, usilazimishe: nyonga isipozunguka, goti ndilo linalosokotwa kufidia, na gegedu la goti likichanika una majeraha mawili.

Maumivu ya pembeni tuliyaita kwa miaka mingi kuvimba kwa kifuko cha maji, na sindano ya steroidi ikawa jibu la haraka. Leo inajulikana kwamba mara nyingi ni kano za makalio zilizochoka, hasa kwa wanawake waliovuka 40. Kinachozichosha ni kubanwa dhidi ya mfupa pale paja linapovuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo nusu ya tiba iko nje ya mkeka: usilale upande unaouma, na ukilalia mwingine weka mto kati ya magoti, usikunje nne ukikaa, usisimame umeegemea nyonga moja, kama tunavyosimama kwenye foleni ya daladala au tukiwa tumembeba mtoto kiunoni. Mkekani, simamisha njiwa, tai na gomukhasana (kukaa goti moja likiwa juu ya jingine). Jaribio la Australia la 2018 liliwafuatilia watu 204. Baada ya wiki 8, 77% ya waliofanya mazoezi na kuelimishwa kuhusu mikao walisema wamepata nafuu, dhidi ya 58% ya waliochomwa sindano na 29% ya waliosubiri tu. Sijui kwa nini sindano bado inatolewa ya kwanza.

Maumivu ya mfupa wa kukalia yana chanzo kinachofahamika kwa yeyote anayependa kuinama mbele magoti yakiwa yamenyooka. Kano inavutwa na hapo hapo inabanwa kwenye mfupa, mamia ya marudio kwa mwezi. Kunyoosha kunaleta nafuu ya nusu saa na kesho yake maumivu yamezidi, mtu ananyoosha tena. Kunja magoti kwenye kila mwinamo kwa wiki 6 hadi 8. Fanya zoezi la kuinua kiuno nyayo zikiwa mbali kidogo na makalio, shikilia sekunde 30 hadi 45, mara 5, kila siku nyingine. Hesabu miezi mitatu hadi sita, kwa sababu kano hujijenga polepole kuliko msuli.

Wapo pia wanaosifiwa darasani kwa kulegea, na hawa nawahurumia zaidi kwa sababu hakuna anayewaambia wapunguze. Kipimo cha Beighton, kinachopima ulegevu wa viungo, kina pointi 9: vidole vidogo kupinda nyuma kupita nyuzi 90, dole gumba kugusa mkono juu ya kifundo, upande wa kiwiko, viwiko na magoti kupinda kinyume, viganja kugusa sakafu. Ile ya viganja mtu wa yoga ameipata kwa mazoezi, basi tazama zilizobaki. Mwenye pointi nyingi na maumivu ya kinena apigwe eksirei ya fupanyonga nzima ili daktari apime kama kikombe kina kina cha kutosha. Pembe ya kufunika, inayoonyesha kikombe kimefunika kichwa cha fupa kiasi gani, ikiwa chini ya nyuzi 20 ni kikombe kifupi. Kwa huyu tiba ni mazoezi ya nguvu na kuishia robo tatu ya mwendo wake. Kupasua labramu kwa kamera bila kugusa umbo la kikombe kunaweza kumwacha vibaya zaidi. (Kubeba mtoto mgongoni kwa kanga, miguu imepanuka, husaidia kichwa cha fupa kukaa sawasawa kwenye kikombe kinachokua, na bibi zetu hawakuhitaji daktari kuwaambia.)

Dawa za maumivu niziseme haraka. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa na watu huimeza kabla ya darasa. Inaziba sauti ya maumivu unayoihitaji kujua ulipofika, na ikitumiwa kwa wiki nyingi inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Kujichua nyongani kwa ile ya gel hakufiki mbali, kiungo kiko ndani mno. Sindano ndani ya kiungo, ikiongozwa na altrasaundi, ina kazi moja ninayoiheshimu: ganzi ikichomwa na maumivu yakapotea kwa saa chache, umejua kwamba chanzo kiko ndani ya kiungo.

Gegedu likishalika kabisa, kutembea kukawa kazi na usiku ukawa mrefu, kubadilisha nyonga ni tiba nzuri. John Charnley aliiweka sawa Uingereza miaka ya 1960, na kwa takwimu zilizokusanywa hadi 2019 takriban 58% ya nyonga bandia hudumu miaka 25. Hufanyika hapa kwetu pia, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwemo. Swali la mtu wa yoga kwa daktari liwe moja: utaingilia mbele au nyuma? Akiingilia nyuma, hatari ya nyonga kuteguka iko kwenye kukunja kupita nyuzi 90, kuvukisha mguu na kuuzungusha ndani, kwa hiyo tai, pozi la mtoto na mizunguko ya kukaa hungoja. Akiingilia mbele, angalia nyonga inaponyooka kwenda nyuma, zaidi unyayo ukiwa umegeuka nje: mguu wa nyuma wa shujaa wa kwanza (hatua ndefu, goti la mbele limekunjwa), mguu wa nyuma wa njiwa, ngamia (kupiga magoti na kujipinda nyuma). Masharti mara nyingi ni ya wiki 6 hadi 12, na madaktari hutofautiana, hivyo omba ya kwako yaandikwe kwa majina ya miendo. Mwalimu ayaone kabla ya darasa la kwanza, na asikusukume kwa mikono yake kwenye pozi lolote la nyonga, hata baada ya masharti kwisha.