Hongera Niliyoitoa Mapema Mno

Kijiti kilionyesha mistari miwili, nami nikasema, "Hongera." Ndivyo nilivyozoea. Binti aliyekaa mbele yangu hakunijibu. Alikichukua kijiti akakilaza kifudifudi mezani.

Ni miaka mingi sasa. Mkunga mwanafunzi akiletwa kwangu, jambo la kwanza ninalomfundisha ni kunyamaza baada ya kutaja majibu. Sema, "Kipimo kinaonyesha una mimba," kisha ngoja. Ikibidi hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Mwenye furaha ataionyesha mwenyewe, na mwenye hofu hatalazimika kuificha.

Nilimwomba radhi, nikamuuliza anajisikiaje. Kumbe kilichomchoma kwanza ni hesabu. Nilikuwa nimemwambia mimba ina wiki 6, naye ana hakika alikutana na mwenzake wiki 4 tu zilizopita. Alidhani namshuku. Ugomvi mwingi wa nyumbani huzaliwa na hesabu hii. Umri wa mimba huanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki 2 kabla mimba haijatunga. Nilimchorea kalenda nyuma ya karatasi, na hapo ndipo alipoanza kuvuta pumzi vizuri.

Alitaka kuamua mle mle chumbani. Kulea, kumtoa mtoto aasiliwe, au kuitoa mimba pale sheria inaporuhusu: kila njia ina muda wake, kwa hiyo tulijipa siku 3, si mwezi. Vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, nilimwambia aanze jioni ile ile, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mapema sana, karibu na hiyo wiki ya 6. Kumeza kidonge hakumfungi mtu kwenye uamuzi wowote. Nikamwonya pia: maumivu makali upande mmoja chini ya tumbo, damu, kuzirai au maumivu kwenye ncha ya bega ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi.

Kisha tukaja kwenye lililomleta hasa: nani aambiwe. Aliandika watu 3: mama yake, mwenzake, shangazi yake. Kila jina tulilipitisha kwenye maswali. Umewahi kumpa siri ikatulia? Akikasirika, mikono yake hufanya nini? Anaweza kukaa na habari hii siku 2 bila kukuamulia?

Mama alianguka kwenye swali la tatu. Kuhusu mwenzake, binti alisema hajawahi kupigwa, ila mara moja kijana alimvunjia simu. Hilo si dogo. Ukatili huweza kuanza au kuzidi wakati wa ujauzito, hivyo tukakubaliana ataambiwa baadaye, mchana, mtu mwingine akiwa karibu. Akabaki shangazi.

Tulifanya mazoezi ya maneno. Alianza, "Usikasirike, lakini..." Nikamkatiza, huko ni kumkumbusha mtu kukasirika. Maneno mazuri yana vipande vitatu: habari, hali, ombi. "Shangazi, nina mimba. Sikuipanga na bado sijui nitafanyaje. Leo naomba unisikilize tu, usinishauri." Watu hukiruka kipande cha tatu, halafu wakihubiriwa wanalaumu msikilizaji. Aliyarudia mara 4 hadi sauti ikaacha kukatika.

Lilibaki swali ambalo wakunga wengi huliogopa. Je, wiki hizi 2 amepoteza hamu ya mambo anayoyapenda? Amewaza kujidhuru? Wenzangu huhofia kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo hilo. Hakumpandikizii, na mara nyingi humpa nafuu ya kulisema. Akijibu ndiyo, haondoki peke yake. Huyu alisema hapana, isipokuwa usingizi umemkimbia.

Nilidhani angepiga simu akifika kwake. Aliitoa pale pale, akatafuta jina la shangazi, akaniangalia. Nikachukua daftari langu, nikatoka, nikavuta mlango. Kabla haujafunga nilimsikia akisema, "Shangazi, umekaa?" Hayo hatukuyafanyia mazoezi.