Ahaa ya mama mkubwa

Tangu Jumapili nazunguka na neno moja, "Ahaa", alilolitoa mama mkubwa kwa sauti ile anayoitumia akiambiwa mwaka huu mbolea itashuka bei. Si neno baya. Mwingine angelisikia akaendelea kunywa chai yake.

Kachumbari, ile pikapu ya marehemu baba mkubwa, imetoka gereji Ijumaa. Habari zake nilishawasimulia, sizirudii: kukaa chini ya mparachichi, kuku waliotagia kwenye kiti cha dereva, mlango wa kijani na mlango wa kutu. (Na nyie mnaoendelea kunishauri niweke injini ya Toyota kwa sababu spea zake ziko kila kona, nimewasikia. Hii ni Datsun 1200, inabaki na injini yake ya A12 ya sentimita za ujazo 1,171, na fundi ameshaifunga pistoni na ringi mpya. Yamekwisha.) Sasa ina rangi moja, bluu ile ya mwanzo. Mbele tumeondoa breki za dramu tukaweka za diski, zilizotolewa kwenye Sunny iliyokufa. Rimu za inchi 12 nimeziaga kwa sababu matairi yake kuyapata ni kazi, nimeweka za 13, ndiyo maana sasa mshale wa spidi unasema uongo kidogo: gari inakwenda kuliko unavyosoma. Na bodi ya nyuma nimeitandikia mbao za paini za Mafinga, zikapigwa randa, zikapigwa vanishi mpaka unajiona.

Mama mkubwa alikuwa kwetu Mbeya kwa ajili ya jicho. Upasuaji umekwenda vizuri, anaona mpaka miti ya mlima Loleza, tunamshukuru Mungu. Asubuhi ile akatoka uani na kikombe chake, akaizunguka gari ya marehemu mumewe taratibu. Mbele hakusema kitu, na mbele ndiko pesa yangu ilikokwenda. Akafika nyuma, akasimama.

"Mbona imekaa chini?"

"Nimetoa jani moja la springi, mama, chuma kimoja bapa."

"Lipi?"

"Lile aliloongeza baba."

"Liko wapi?"

"Lile pale. Linazuia pipa la maji lisiyumbe."

Akageuka, akaliangalia pipa. Akaliangalia kwa muda ambao mimi niliona ni mrefu.

"Jani lile lilinunuliwa kwa ndizi zangu," akasema. "Alikuwa analalamika gari inalala nyuma, basi nikauza mikungu, tukanunua." Halafu akaweka kiganja juu ya vanishi. "Na humu mtabeba nini sasa?"

"Vitu tu, mama."

"Vitu gani?"

"Hata ndizi."

"Na utomvu?"

"Tutatandika turubai."

"Ahaa."

Akaingia ndani.

Sasa mimi tangu hapo natunga majibu. Yapo mazuri sana, yananijia saa nane za usiku. Kwanza ni suala la springi zenyewe. Pikapu ndogo namna ile ikiwa tupu, nyuma hakuna uzito kabisa, uzito wote uko kwenye injini. Ukiirundikia majani ya springi inakuwa ngumu, haibonyei. Ukiingia barabara ya vumbi yenye mawimbi, tairi za nyuma zinarukaruka, na tairi iliyo hewani haikamati breki wala kona. Baba mkubwa alikuwa halioni hilo kwa sababu hakuwahi kwenda popote tupu. Akienda Igawilo amejaza mikungu, akirudi amejaza saruji au abiria, na wakati mwingine vyote viwili. Kwake lile jani lilikuwa sahihi kabisa. Kwangu mimi ninayekwenda kazini na mkoba wa kompyuta, lilikuwa linanivunja mgongo. Hayo ndiyo maelezo, yamekamilika, mtoto wa darasa la saba angeyaelewa. Lakini nilipoulizwa nikasema "vitu tu".

Na hapo ndipo panaponichoma, si kwenye springi. "Vitu gani?" Mke wangu, ambaye wiki hii amepata barua ya uhamisho kwenda Makete na tuna mambo ya maana ya kujadili, ameniambia mara kadhaa kwamba mama mkubwa aliuliza swali la kawaida: mtu akiona pikapu, anauliza inabeba nini. Ndiyo. Ila jibu la kweli lilikuwa kwamba haibebi chochote. Nimeitengeneza kwa sababu naipenda, kwa sababu nikiwa mdogo nilikuwa nakaa nyuma juu ya magunia tukitoka Tukuyu usiku, na sikuwahi kutaka gari nyingine. Jaribu kumwambia hivyo mwanamke aliyeuza mikungu kununua jani la springi.

Jumatano nikamrudisha kwake.

Mlima wa kwenda Isyonje tuliupanda gia ya tatu muda mrefu, bila moshi, na hili nataka nilisimulie hata kama mmechoka. Kabureta ilikuwa na vipimo vya Dar, alikoinunulia baba mkubwa, na Dar ni usawa wa bahari. Huku Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, na Isyonje ni zaidi ya 2,000. Hewa ya huku nyepesi, petroli inakuja kiasi kile kile, kwa hiyo inazidi. Plagi zilikuwa zinatoka na masizi, gari inakohoa, na miaka yote tukasema ni uzee. Fundi akaweka jeti, kile kipande cha kabureta kinachopitisha petroli, yenye tundu dogo zaidi, akasogeza taimingi ya cheche mbele kidogo, akawa anatoa plagi na kuangalia ncha yake, anarudisha, anatoa tena, mpaka akaona kahawia hafifu. Siku hiyo hakusema kitu, alinionyesha tu.

Mama mkubwa naye hakusema kitu juu ya injini. Ila tulipofika kwenye ukungu baridi ikaanza kuingia, nikamwona anaweka viganja vyote viwili kwenye kioo cha mlango wake, ndani na nje, anakivuta kwenda juu. Ndivyo kioo kile kilivyofungwa miaka yote. Mashine yake ilikufa zamani. Mimi nimeshaweka nyingine, imetoka kwenye Nissan 1400, ndugu yake aliyeendelea kuundwa Afrika Kusini mpaka 2008, ikavuka Tunduma ndani ya begi la shemeji. Nikamwambia, "Mama, zungusha mpini tu." Akauangalia mpini. Akazungusha, kioo kikapanda. Akakishusha. Akakipandisha tena. Akakishusha, akakiacha chini, na baridi yote ile ikatuingilia mpaka karibu na Kiwira. Nilitetemeka nikafurahi, sijui hata kwa nini.

Kwake, kabla sijamaliza chai, nikasikia vijana wanapakia. Mikungu, mibichi, imekatwa asubuhi hiyo hiyo, utomvu unadondoka. Turubai liko Mbeya. Nikatoka mbio, nikakuta ameshatangulia yeye, amepanda kwenye bodi na miguu yake mitupu, anatandika majani makavu ya mgomba juu ya mbao, moja juu ya jingine, mpaka pembeni kabisa. Hakuniangalia. Alikuwa anawafokea vijana kwa Kinyakyusa kwamba mkungu haurushwi.

"Ndaga fijo, mama," nikamshukuru.

"Peleka kwa watoto," akasema. "Mingine uza."

Niseme tu kwamba nilirudi na mzigo ule, nyuma imelala kweli, na ilitembea vizuri ajabu. Haikuruka, haikugonga chini, hata kwenye ile njia mbaya ya kutokea kwake. Mzigo wa nusu ndio springi zangu zinaoupenda. Kwa bahati mbaya hakukuwa na mtu ndani wa kushuhudia. Jani la marehemu bado liko chini ya pipa. Kulirudisha silirudishi. Nimefikiria walau kuliondoa pale nilipake grisi lisiote kutu, lakini sasa nitahitaji kitu kingine cha kuzuia pipa.

Ndizi zimeiva zote kwa pamoja, majirani karibuni.

Kinachonisumbua zaidi usiku huu ni kingine. Kitinda mimba wetu karudi kutoka shule Alhamisi na sweta lisilo lake. Jipya, zuri kuliko alilokuwa nalo, limefumwa kwa mkono. Nikimuuliza limetoka wapi anasema "la shule". Si la shule, nembo haina. Lake alilotoka nalo halijulikani liko wapi, na Juni hii ya Mbeya hakuna mtoto anayegawa sweta lake hivi hivi. Mama yake anasema nimwache, atasema mwenyewe. Kesho nitampigia mwalimu wa zamu kabla hajaingia darasani.