Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Katuba na watoto wa sayari ya Mukuba

Saa 11 alfajiri. Kumekwisha pambazuka, maana mwezi wa Novemba jua la Lubumbashi, mji wa shaba kusini mwa Kongo ambako mtaa wetu wa Katuba uko, huamka mapema. Nawasha mbabula, nateleka maji ya chai, halafu nafungua daftari kabla wanangu hawajaamka. Saa hii moja ndiyo yangu. Tangu miezi mitano iliyopita naandika hadithi ya sayari iitwayo Mukuba, jina nililolitoa kwenye neno letu la shaba. Sayari nzima ni mali ya kampuni moja: hewa, maji, hata vitanda vya kulalia. Mtoto akizaliwa anafunguliwa daftari la deni kwa pumzi aliyovuta siku ile. Wasomaji wangu wa kwanza ni wanafunzi wangu wa darasa la sita. Kila Ijumaa nawasomea sura moja, na leo ni Ijumaa.

Sura ya leo ni ya shule, na imenisumbua kuliko zote. Shule ya Mukuba imo ndani ya ua wa kiwanda na vipindi vyake hufuata king'ora cha zamu. Watoto wanafundishwa kusoma, lakini vitabu vyao vimejaa mizani, mabomba na maonyo ya hatari. Hesabu inaishia kwenye kuzidisha. Kugawanya hakuna, kwa sababu anayejua kugawanya siku moja atauliza nani alipata fungu gani. Ripoti ya mtoto inapelekwa kwa nyapara, mzazi haioni.

Anayeishi mji huu hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, tanuru lake la hapa likaanza kutoa shaba mwaka 1911, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ikawa inawaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Kambi zilikuwa na nyumba, hospitali, chakula cha mgawo, na shule zilizoendeshwa pamoja na wamisionari. Wavulana walitayarishwa kwa kazi, wasichana kwa kushona na kutunza nyumba ya mfanyakazi. Wazee waliiita kampuni baba na mama. Mgawo ule uliitwa posho, na neno likaingia kwenye kalenda yetu: hapa kwetu juma ni posho, na Jumamosi ni siku ya posho. Mukuba nako nimezipa siku majina ya zamu.

Saa 12 na nusu natoka. Njiani mvua ya jana imeacha madimbwi, wauza maembe wamekwisha panga mafungu yao. Mbali kule linaonekana bomba refu la moshi, na kando yake kilima cheusi cha masalio ya tanuru.

Saa 1 na nusu tunaimba wimbo wa taifa, tunaingia. Wanafunzi 64, wanne wanne kwenye benchi. Tangu mwaka 2019, shule ya msingi ya serikali ilipotangazwa kuwa ya bure, majina kwenye orodha yameongezeka, na mimi nafurahi kuyaita yote hata sauti ikikauka. Somo la kwanza ni asilimia. Naandika ubaoni: tani 480 za mawe, shaba asilimia 3, ni tani ngapi? Kijana mmoja ambaye baba yake ni mchimbaji anajibu kabla sijaweka chaki chini: tani 14 na nukta nne. Halafu anauliza bei ya tani moja. Tunagawanya mpaka kengele inalia.

Saa 5 nasoma sura. Wanasikiliza vizuri, wananung'unika kwenye lile la ripoti na nyapara. Nikimaliza, msichana wa benchi la nyuma, ambaye huzungumza mara chache sana, anasimama.

"Madamu, mbele kampuni ifike, moto wa tanuru la shaba ni nani alikuwa anauwasha?"

Namwambia kule Mukuba hakukuwa na mtu kabla ya kampuni.

"Sasa kampuni ilijua namna gani kama shaba iko pale?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama na daftari mkononi nikaona nilichofanya. Nilikuwa nimeifuta sayari yangu watu wake wa mwanzo, nikawapa watoto hadithi inayoanza siku kampuni ilipofika. Yaani nilikuwa nimeandika kitabu kile kile ambacho kampuni ya Mukuba ingewachapia. Nikamwambia, "Umeuliza vizuri, mama. Nitarudi na jibu."

Saa 7 nyumbani, bukari (ugali wetu) na vitoyo, samaki wadogo wakavu, nguo za kuanua kabla ya mvua.

Saa 9 navuka barabara kwa jirani yetu mzee, aliyefanya kazi ya tanuru maisha yake yote. Nampigia magoti kidogo, namwambia, "Jambo, tata." Namweleza swali la mtoto. Anakaa kimya muda mrefu.

"Shule ya kambini ilinipa mengi, mwanangu. Kusoma nilijulia pale, siwezi kuikana. Lakini habari ya wale waliopika shaba zamani, niliipata kwa babu yangu. Darasani haikutajwa hata siku moja."

Ananieleza kama alivyoelezwa. Kiangazi, mavuno yakiisha, watu walitafuta mahali penye ule mmea mdogo unaopenda ardhi yenye shaba. Walichimba mawe ya kijani ya malakiti, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala, yaani makaa, ya miti migumu, wakavuta viriba vya kupulizia moto mpaka shaba ikatiririka. Ikamiminwa kwenye kalibu kuwa misalaba. Nami naongeza ninayoyajua: misalaba hiyo ilifukuliwa kwenye makaburi ya kale ya Sanga, bonde la Upemba, katika miaka ya 1957 na 1958. Mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, mwaka 1960. Wanafunzi wangu wameuona msalaba huo mara nyingi, lakini sikuwahi kuwaambia ulimiminwa na mikono ya nani.

Saa 1 usiku umeme umekatika. Nawasha taa, napiga mstari juu ya kurasa nne. Sasa kwenye shule ya Mukuba kuna bibi mfagiaji. Kipindi kikiisha, watoto wanabaki nyuma, naye anawachorea tanuru kwenye vumbi la sakafu kwa mpini wa fagio, halafu anafagia kabla nyapara hajapita. Naandika mpaka mkono unauma.

Saa 4. Kwenye ukurasa wa mwisho najiandikia: Jumatatu, kila mtoto aje na konzi moja ya udongo wa kichuguu. Makala nitaleta mimi.