Leso nyekundu ikifika kwenye simu ya mteja

"Ami, mimi niliagiza damu ya mzee, mbona hii nyekundu tupu?" Muuza leso wa Biashara Street, Mombasa, akisikia hivyo huanza kuilaumu kamera. Kwanza aifungue tena ile picha aliyomtumia mteja, aangalie palipo peupe. Ikiwa maua meupe yaliyo kwenye mji wa leso, yaani katikati yake, yamebaki meupe, ilhali nyekundu imepooza, kosa ni la profaili ya rangi, yaani lebo ya rangi iliyo ndani ya faili. Ikiwa weupe wenyewe umeingia ubuluu au umanjano, kosa lilifanyika wakati wa kupiga, na profaili haitaliponya.

Kipimo hiki kinafaa kwa sababu sRGB, iliyobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na Adobe RGB ya 1998, mifumo miwili ya kuandika rangi kwa namba, zina nyeupe moja. Kijivu na cheupe havihami, ila rangi kali huhama. Nyekundu kamili ya sRGB ni 255, 0, 0, yaani viwango vya nyekundu, kijani na buluu, kila kimoja kati ya 0 na 255. Nyekundu hiyo hiyo ikiandikwa kwa Adobe RGB huwa 219, 0, 0, na ndani ya faili mna lebo inayoeleza namba zisomwe vipi. Tovuti ikiibandua lebo ili faili iwe nyepesi, kivinjari hudhani ni sRGB na kuonyesha 219 vilevile ilivyo, nyekundu iliyozimika. Kijani ndicho huumia zaidi: 0, 255, 0 huandikwa 144, 255, 60, na lebo ikipotea kinageuka kijani chenye umanjano. Simu za iPhone tangu iPhone 7 ya 2016 hutumia Display P3, mfumo mwingine mpana kuliko sRGB, nazo hupatwa na yayo hayo.

Kwa kamera kubwa, dalili iko kwenye jina la faili: likianza na mstari wa chini, kama _DSC au _MG, kamera imewekwa Adobe RGB. Anayepiga JPEG, picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera, aibadilishe iwe sRGB. Anayepiga RAW, picha ghafi ya kutengenezwa baadaye, asihangaike, kwani uamuzi huo hufanywa wakati wa kuhifadhi.

Hapo kwenye kuhifadhi ndipo wengi wanapoharibu. Katika programu ya kuhariri picha ya Photoshop amri inayotakiwa ni Convert to Profile, kisha sRGB IEC61966-2.1. Jirani yake kuna Assign Profile, ambayo huziacha namba kama zilivyo na kubadilisha lebo tu. Ni kubandika karatasi ya sukari kwenye kopo la chumvi. Katika GIMP, programu nyingine ya kuhariri, ingia Image, Color Management, halafu Convert to Color Profile. Lebo ya sRGB iache ndani ya faili. Uzito wake ni kama kilobaiti 3 tu, kwa hiyo sioni faida ya kuitoa.

Maandishi ya leso yana balaa lake. Herufi nyekundu juu ya weusi huchuruzika kingoni, kwa kuwa JPEG ya kawaida huhifadhi mwangaza wa kila pikseli lakini pikseli 4 hugawana rangi moja. Kwenye GIMP, katika chaguo za ndani za kuhifadhi JPEG, chagua 4:4:4, ili kila pikseli ibaki na rangi yake, na ubora wa 85. Hata hivyo WhatsApp huibana picha upya. Mteja anayetaka kuona rangi sawasawa mtumie kama dokumenti, faili ifike kama ilivyotoka.

Mwanga sasa. Turubai la buluu juu ya meza hupaka kila kitu ubuluu, na ukuta wa manjano wa kichochoroni hufanya kinyume. Tandaza leso mlangoni, kivulini, uzime taa ya tyubu: mianga miwili ya rangi tofauti hairekebishiki kwa mpigo mmoja. Weka kadi ya kijivu kando ya pindo, piga picha moja nayo, kisha uitumie kusawazisha weupe wa picha zote zilizopigwa mahali hapo. Karatasi ya kuchapia haifai, kwa kuwa hutiwa dawa ya kung'arisha inayoipa ubuluu. Nyekundu nzito ipunguziwe mwanga kidogo, theluthi mbili za stopu (kipimo cha mwanga wa kamera) hutosha mara nyingi. Namba yake ya nyekundu ikigonga 255 mikunjo ya kitambaa hupotea na leso huonekana kama kipande cha plastiki.

Unapohakiki, zima mwanga wa usiku kwenye simu, ule unaoifanya skrini iwe ya manjano. Skrini ya Samsung iweke Natural badala ya Vivid, la sivyo utazipunguza rangi ambazo hazijazidi.

Na kuna rangi ambazo hazimo ndani ya sRGB, hasa zile za kijani-buluu kali kama maji ya kina kifupi baharini. Hizo hakuna mpangilio utakaozifikisha. Andika kando ya bei kwamba kitambaa chenyewe kimekolea kuliko picha.