Kizingia hakimezi mtu

Anayeitazama bahari akiwa ufuoni hudhani kizingia, yaani maji yanayojizungusha, kinameza. Vizingia vya huku kwetu Mombasa kazi yao ni kuzungusha: vinakurudisha pale pale mpaka mikono iishe nguvu, na kinachomaliza mtu ni huo uchovu.

Huzaliwa pale maji yanayokimbia yanapopita kando ya kitu kisichosogea: nguzo ya daraja la Nyali, ncha ya jabali, kona ya mlango wa Mtwapa. Nyuma ya kizuizi maji hulegea huku ya pembeni yakiendelea na kasi yake, basi yaliyolegea hurudi nyuma na kujiviringisha. Mkondo ukiwa dhaifu hakuna kizingia cha kutisha, kwa hiyo la kwanza kujua ni saa.

Wakati wa bamvua, siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa inaweza kupita mita 3. Wakati wa maji mafu hubaki kama mita 1. Chukua siku yenye tofauti ya mita 3.6: saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 30, ya pili 60, ya tatu na ya nne 90 kila moja, ya tano 60, ya sita 30. Nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati. Bamvua hupwa kama saa nne u nusu asubuhi na kujaa kama saa kumi u nusu jioni, basi saa saba na saa nane mchana ndipo mkondo unakata hasa. Hata hivyo tazama jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini. Makadirio ya kichwani hayatoshi. Na aliyeyazoea maji ya Makupa kabla ya 2022, tuta la barabara lilipokuwa bado limeziba maji kati ya hori za Tudor na Port Reitz, ayasome upya.

Kwa macho, tafuta mstari wa povu na takataka. Upande mmoja maji yanakwenda, upande wa pili yanarudi, na chombo hupinduka juu ya mstari huo, si katikati. Uvuke kwa kasi, omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ikiukata kwa mshazari, na watu walalie upande ambao chombo kinageukia. Wakilalia upande wa pili, mkondo hugonga ubavu ulioinama na maji huingia ndani. Kwenye ngalawa rengu, ile miti ya pembeni ya kuisawazisha, ndiyo hukamatwa kwanza. Aliyeangukia majini alale chali, aachie azungushwe, kisha akifika ukingo wa nje apige mikono kutoka pamoja na mkondo. Kushindana nao ni kupoteza nguvu bure.

Na lile onyesho la Nanyuki, maji ya beseni yakizunguka kulia upande huu wa ikweta na kushoto upande ule? Ni mchezo wa mikono tu. Anayemimina na kugeuza beseni ndiye anayeamua. Hatua chache kutoka kwenye mstari wa ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya beseni.

Magazeti hupenda “kimbunga cha siasa”. Sawa, siasa hupita na kuacha mapaa yameng'oka. Deni la mkopo wa simu ndilo kizingia hasa. Umekopa 10,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, ukalipa kwa kukopa kwingine kwa riba ile ile: baada ya miezi mitatu unadaiwa 13,310 na hujapata shilingi mpya mkononi. Hapo pia kutoka ni kwa ukingoni: acha mkopo wa kulipia mkopo, omba kulipa kidogo kidogo, anza na wenye riba kubwa.

Turudi majini, kwenye injini. Katikati ya kizingia hukusanyika mifuko, kamba na nailoni za mishipi. Panga ya injini, ile inayosukuma maji, ikishikwa, zima, inua injini, kata kwa kisu. Usijaribu kuifungua kwa gia ya nyuma. Nailoni hujisokota kwenye shafti na kukata sili, ule mpira unaozuia maji, kisha maji ya chumvi yakaingia kwenye oili ya giaboksi, na oili ikigeuka nyeupe kama maziwa ujue yameshaingia.