Mtetemo wa Usukani Baada ya Rimu Mpya

Mwaka 2016 nilikuwa nikifundisha Morogoro huku familia yangu ikiishi Dar es Salaam, na barabara ile ya kilomita zipatazo 190 nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba badiliko lolote la gari nililihisi mikononi. Toyota Premio yangu ilikuwa imetulia hadi nilipoivalisha rimu mpya za alumini za inchi 15, pamoja na matairi mapya, badala ya zile za chuma za inchi 14. Mjini sikuona tofauti. Nilipovuka Mlandizi na barabara ikanyooka, usukani ulianza kutikisika kwenye kilomita 80 kwa saa, ukazidi nilipokaribia 95, kisha ukapungua nilipofika 110.

Walioniuzia rimu walizirudisha kwenye mashine ya balansi, ile inayopima kama uzito wa gurudumu uko sawa pande zote, wakaongeza vipande vya risasi hadi mashine ikaonyesha sifuri ndani na nje, lakini safari iliyofuata usukani ulitetemeka vilevile. Kwingine nilishauriwa kubadilisha tairodi na bolijointi, yaani viungo vya usukani na vya magurudumu ya mbele, kisha nifanye alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Sikukubali, kwa sababu vifaa hivyo vilikuwemo garini kabla ya rimu mpya na usukani haukuwa na tatizo. Naamini hadi leo kwamba swali la kwanza la kumuuliza mwenye gari ni lini hitilafu ilianza na ni kitu gani kilikuwa kimeguswa, na inasikitisha kwamba mafundi wengi hawaliulizi.

Mzee mmoja mwenye gereji ndogo Ilala aliliuliza kabla hata ya kufungua boneti.

“Mwanangu, ukiwa kwenye mwendo huo ukaitia gari nyutro, usukani unatulia?”

“Hautulii, mzee.”

“Na ukikanyaga breki?”

“Haubadiliki.”

Alinieleza kwamba mtetemo unaoendelea gari likiwa nyutro hautokani na injini kuvuta mzigo, kwamba diski za breki zilizopinda hujionyesha hasa mguu unapokuwa kwenye breki, na kwamba kinachotikisa usukani kuliko kiti kwa kawaida kiko magurudumu ya mbele. Kisha akafunga magurudumu ya zamani, ambayo kwa bahati sikuwa nimeyauza, akanituma Kibaha na kurudi. Usukani ulitulia kabisa. Kwa jaribio hilo moja, ambalo halikumgharimu mtu kifaa chochote, tairodi, bolijointi na beringi zote ziliondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Yaliyofuata ndiyo niliyoyapenda zaidi. Alirudisha gurudumu moja jipya mbele, akalikaza, akaliacha likining’inia juu ya jeki, akasimamisha kipande cha waya karibu kabisa na ukingo wa rimu, kisha akalizungusha polepole kwa mkono. Nafasi kati ya waya na rimu ilikuwa ikipanuka na kubana kwa takriban milimita moja. Aliweka alama ya chaki kwenye rimu mahali palipobana, akalegeza nati, akaligeuza gurudumu tundu moja la nati mbele, akakaza upya na kulizungusha tena. Safari hii palipobana palikuwa mahali pengine kwenye rimu. Kama rimu yenyewe ingekuwa imepinda, palipobana pasingehama kutoka kwenye alama ya chaki. Kilichohama ni namna rimu ilivyokaa juu ya habu, kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake.

Alichukua kalipa akapima. Tundu la katikati la rimu lilikuwa na kipenyo cha milimita 73.1, ilhali habu ya gari ilikuwa milimita 54.1. Rimu za kiwandani hukaa juu ya habu bila nafasi, kwa hiyo hujipanga katikati zenyewe. Rimu za aina yangu hutengenezwa na tundu kubwa ili zifae magari mengi, na zikifungwa bila pete ya kuziba nafasi hiyo hutegemea nati peke yake. Bunduki ya upepo inapokaza nati ya kwanza hadi mwisho huku gurudumu limelala kwa uzito wake, rimu hubaki kando ya katikati. Mashine ya balansi haiwezi kuliona hilo, kwa kuwa yenyewe hushika rimu kwa koni iliyoingia katikati ya tundu. Gurudumu la kilo 16 likikaa nusu milimita kando ni sawa na kubandika zaidi ya gramu 40 upande mmoja wa rimu ya inchi 15, na kwenye kilomita 95 kwa saa uzito huo huzunguka zaidi ya mara 13 kila sekunde.

Tulikwenda Gerezani, fundi wa kukereza vyuma akatuchongea pete nne za alumini, kipenyo cha nje 73.1 na cha ndani 54.1. Mzee alizivalisha, akakaza nati kwa mkono kwanza, zile zinazokabiliana kwa zamu, kisha akamaliza kwa spana ya kupimia nguvu kwenye nyutoni mita 103, akaniagiza nirudi azikague tena baada ya kilomita mia moja hivi. Nilipita Mlandizi kwa mwendo uleule wa 95, nikavuka Ruvu, na usukani haukutikisika tena.

Nilipouza gari lile, nilimvulia mnunuzi gurudumu moja la mbele nikamwonyesha pete, nikamwomba amwambie kila atakayembadilishia tairi asiziache zidondoke.