Damu Inayopelekwa Ngozini

Ndugu zangu katika imani, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katika sura ya Adh-Dhariyat, aya ya 20 na ya 21, Mwenyezi Mungu anatuambia kuwa zimo ishara katika ardhi kwa wenye yakini, na katika nafsi zetu pia, kisha anatuuliza kama hatuoni. Katika siku hizi za maleleji hapa Lamu, kaskazi imekatika na kusi bado haijaanza kuvuma, ningependa tuitazame ishara moja iliyo ndani ya nafsi zetu, nayo ni namna ubongo unavyoiongoza damu pale mwili unapopatwa na joto.

Upande wa chini wa ubongo kuna sehemu ndogo ambayo madaktari huiita haipothalamasi. Sehemu hiyo hupata habari kwa njia mbili: neva za ngozi huiarifu hali ya nje, na damu inayopita ndani yake huiarifu joto la ndani, ambalo kwa mtu mwenye afya huwa karibu na nyuzi 37 za Selsiasi. Joto hilo likianza kupanda, amri hutoka, mishipa midogo ya ngozi hutanuka, na damu iliyobeba joto la misuli na la ini hupelekwa ngozini ili joto hilo lipate kutoka. Hapo hapo tezi za jasho huanza kazi, na ni kule kukauka kwa jasho kunakoipoza ngozi pamoja na damu iliyo chini yake. Mtu akiwa ametulia mahali penye ubaridi, ngozi yake yote hupitiwa na takriban robo lita ya damu kwa dakika. Katika joto kali mno kiasi hicho huweza kufika lita 6 hadi 8, ilhali moyo wa mtu aliyepumzika husukuma kama lita 5 tu kwa mwili mzima.

Damu hiyo hupatikana kwa moyo kuongeza mapigo, na kwa matumbo na figo kupunguziwa fungu lao. Linalonigusa zaidi ni kwamba ubongo wenyewe, ambao ndio unaoamrisha, haujitengei fungu kubwa kuliko wengine. Joto likizidi sana, damu inayoufikia huweza hata kupungua. Subhanallah! Yote haya yanapita ndani yetu tukiwa tumekaa barazani tunazungumza, bila hata mmoja wetu kuyaamuru.

Hapo pia ndipo tunapofahamu kwa nini baadhi ya wazee wetu hupatwa na kizunguzungu wanapoinuka kutoka sijda katika sala ya adhuhuri. Damu nyingi imo ngozini, na mtu anaposimama, nyingine huteremka miguuni, hivyo ubongo hupungukiwa kwa muda mfupi mpaka moyo na mishipa virekebishe hali. Mzee wa namna hiyo asione haya kukaa na kusali ameketi, kwa kuwa dini imempa ruhusa hiyo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituelekeza kwamba joto linapokuwa kali tuicheleweshe sala mpaka kupoe kidogo, katika hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim. Aliyetuumbia mwili wenye mpaka ndiye aliyetuwekea sheria inayoujali mpaka huo.

Kwa sababu hiyo nawaomba tuwatazame mahamali wetu pale gatini. Hamali anaposhusha mifuko ya saruji saa saba za mchana, mishipa ya mgongo wa mkono wake huwa imetuna, na jasho humchirizika hadi kwenye kisigino. Hewa ya pwani siku hizi imejaa unyevu, na jasho linalodondoka bila kukauka halipozi kitu. Mtu huyo anapoteza maji, na damu yake inahitajika misulini na ngozini kwa wakati mmoja. Tumeamrishwa tusiwakalifishe wanaotutumikia kwa yale wasiyoyaweza, na kwamba tukiwakalifisha, tuwasaidie. Mwenye mzigo na aupange ushushwe asubuhi mapema au baada ya alasiri, na mtungi wa maji uwekwe karibu, kivulini.

Na ikitokea mtu ameanza kusema maneno yasiyoeleweka, au amezimia huku mwili wake unawaka, hiyo ni dalili kwamba joto la ndani huenda limepita nyuzi 40 na kwamba ubongo umeanza kushindwa kuliongoza. Asilazimishwe kunywa. Alazwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji mwili mzima na apepewe mfululizo, huku wengine wakitafuta boti au gari la kumfikisha hospitali bila kuchelewa.